Uzi wa Lebo

Kwa miaka mitano mtaani hakuna aliyemwita mama yule Fundi. Alikuwa Bibi Tone, kwa sababu ya mjukuu aliyezaliwa kabla ya siku zake, mdogo hata mkunga akasema hili ni tone tu la mtoto, na jina likaganda. Mama yule alilipenda jina lake jipya kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Ukimwita Fundi njiani aliitika nusu mdomo. Ukimwita Bibi Tone alisimama, akaweka mfuko chini, nawe ukajuta kumsimamisha, maana habari za Tone hazikuwa na kituo.

Jina la Fundi lilibaki ghalani tu, alikofanya kazi. Zamani alikuwa na cherehani yake mlangoni mwa nyumba, na akina mama walipanga foleni na vitambaa vyao mikononi. Kisha zikaja nguo za watoto kutoka nje, zimekunjwa vizuri ndani ya mifuko ya plastiki, na akina mama wakagundua kwamba gauni lililokwisha kushonwa halina cha kusubiri wala cha kugombana na fundi. Foleni ikafupika, ikabaki bibi mmoja mwenye viraka, naye akafa. Na kwa kuwa tumbo halina likizo, fundi akaenda kuomba kazi kwa mwenye nguo zile zile. Ndivyo dunia ilivyo: anayekuibia ng'ombe ndiye anayekuajiri umkamulie maziwa.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Katoni ikifunguliwa, nguo zilimwagwa juu ya meza ndefu. Kwa wembe, mafundi waliondoa lebo ya zamani yenye maandishi ya kigeni, kisha wakashona mpya iliyochapishwa papo hapo mjini. Ilikuwa na picha ya mtoto anayecheka, na chini yake maneno: PAMBA SAFI, SALAMA KWA MTOTO. Wenzake walitumia mashine na uzi wa nailoni uliotolewa na tajiri. Yeye alishona kwa mkono, kwa uzi wake mwenyewe wa pamba, ambao alikuja nao kila siku ndani ya mkebe wa biskuti. Uzi wa nailoni, alisema, unakwaruza shingo ya mtoto.

"Lebo tu hiyo, Fundi," wenzake walimtania. "Si shela ya bibi harusi."

"Shingo ya mtoto ni shingo ya mtoto," alijibu, na akaendelea na mshono wake mdogo mdogo, ulionyooka kama mstari wa daftari.

Tajiri alimwachia, kwa sababu kazi yake ilipendeza. Kuna watu wa namna hiyo, Mungu atusamehe sote: wanafanya jambo baya kwa uangalifu mkubwa, na ule uangalifu unawapa usingizi.

Halafu ikaja shehena ya magauni ya kulalia. Yalikuwa ya manjano, laini, yenye manyoya kama kifaranga cha siku mbili, na mikono mirefu. Kila aliyelishika gauni lile alilipeleka shavuni kwanza. Lebo yake ya zamani ilikuwa na maandishi mekundu, makubwa kuliko kawaida. Fundi hakujua lugha ile. Lakini chini ya maandishi palichorwa ulimi wa moto, na moto hauna lugha.

"Tajiri," aliuliza, "huu moto ni wa nini?"

Tajiri alikuwa mtu mnene, mpole, mpenda utani. Alitazama lebo kwa mbali. "Moto wa pasi huo, Fundi. Wanasema usipige pasi kali."

"Pasi imechorwa hapa pembeni, tajiri. Moto uko peke yake."

"Sasa wewe nilikuajiri ushone au unisomee picha?"

Ghala zima likacheka. Naye akacheka.

Mchana, wenzake walipokwenda kula, alichomoa uzi kwenye pindo la gauni moja, akazunguka nyuma ya ghala na kiberiti. Kipimo hicho alifundishwa na fundi aliyemfunza kazi, naye akamfundisha binti yake angali mdogo wa kukaa chini ya cherehani. Uzi wa pamba huungua taratibu, hunuka kama karatasi, na huacha majivu unayoweza kuyapuliza. Uzi wa plastiki hushika moto ghafla, hujikunja, na huacha kidonge cheusi, kigumu, chenye kunata. Uzi wa gauni la manjano ulimkimbilia vidoleni kabla hajavuta pumzi. Aliutupa. Ukadondokea kwenye kiatu chake ukiwa bado unawaka, na ulipozima uliacha kidonge.

Alikaa akikitazama. Aliogopa, hilo lisemwe. Alifikiria kuingia ndani na kuweka wembe wake mezani. Kisha akafikiria mlango wa nyumba yake usio na foleni. Akajiambia kwamba gauni la kulalia ni la kitandani, na kitandani hakuna moto. Akajiambia kwamba kila mtoto ana mama, na kila mama ana macho. Akajiambia kwamba asiposhona yeye atashona mwingine, tena kwa nailoni. Wenzake waliporudi walimkuta yuko mezani, uzi umekwisha kupita tunduni. Kwa majuma mawili alishona lebo kwenye magauni ya manjano, zote zimenyooka.

Binti yake hakujua lolote kuhusu lebo. "Nafunga vifungo tu," mama alimwambia alipoanza kazi, na haukuwa uongo kamili, maana vifungo pia alifunga.

Binti huyo alikuwa mwalimu wa chekechea, na mumewe dereva wa malori, mtu wa kuonekana mara mbili kwa mwezi. Shuleni alikuwa yeye ndiye wa kuletewa malalamiko. Mzazi mmoja alikuja na viatu vipya vilivyombabua mtoto nyayo. Mwingine alileta mwanasesere aliyeng'oka jicho, na jicho likakutwa puani mwa mtoto. Filimbi zilitoka rangi, ikabaki kwenye ndimi za watoto. Mama mmoja alimvua mwanawe shati mbele yake, mgongo mzima vipele, akacheka kicheko cha mtu aliyechoka. "Kikulacho ki nguoni mwako, mwalimu. Wahenga walikuwa wanasema kweli kabisa, sisi tukadhani ni fumbo."

Basi binti akawa mwoga kuliko wote. Nguo ya Tone ilifuliwa mara tatu kabla ya kuvaliwa. Vifungo alivivuta kwa meno. Na kila nguo, kila moja, alichomoa uzi akauwasha kama alivyofundishwa. Wazazi wenzake walimwona kama ana kichaa kidogo, lakini nao wakaanza kubeba viberiti.

Siku Tone alipotimiza miaka mitano, Bibi Tone alitoka kazini mapema akaenda kumpongeza. Mtoto alimpokea mlangoni kabla hajabisha. Alikuwa amevaa gauni la manjano lenye manyoya. Lilimzidi urefu, pindo lilifagia sakafu, na alikuwa akizunguka ili lijae upepo.

"Shikamoo Bibi! Mimi ni kifaranga!"

Bibi alilitazama gauni. Alisahau hata kuitikia.

"Umeliona, mama?" binti yake alisema kutoka ndani, amefurahi. "Nimezunguka soko zima. Amekataa kulivua tangu mchana, na jua lote hili. Na usinitazame hivyo, nimelipima. Nilichomoa uzi pale pale dukani, muuzaji ananinunia. Nikauwasha. Majivu matupu, mama! Nilipuliza yakaruka. Mara yangu ya kwanza mwaka huu kupata pamba ya kweli."

Bibi Tone alimvuta mjukuu wake karibu, akamgeuza, kama anayetaka kuona mgongo wa gauni. Akafunua kola. Mtoto wa kwenye lebo alikuwa anacheka. Pembe ya kushoto ya lebo ilikuwa imeachia, mishono minne haipo, na iliyobaki ilikuwa midogo, imenyooka kama mstari wa daftari.

Hakuhitaji kuuliza. Binti hakutaka kuharibu gauni jipya, akachomoa uzi uliokuwa tayari umejitokeza kidogo, pale penye lebo. Uzi pekee wa pamba katika gauni zima. Uzi wa mkebe wa biskuti.

Maneno yaliyotakiwa yalikuwa manne tu: Mvue. Lebo ni yangu. Akaiachia kola. Mbele yake alikuwa binti yake, aliyekuwa akimtazama kama mtoto aliyeleta daftari lisahihishwe na anajua amepata yote. Kama angesema, angelazimika kusema na mengine: ghala, wembe, moto uliochorwa, kidonge kwenye kiatu, majuma mawili. Aliona haya. Hakuna jina jingine la kulipa jambo lile. Aliona haya mbele ya mwanawe, na haya ile ikawa na nguvu kuliko hofu.

"Refu hili," alisema. "Litamwangusha. Mvue nikalifupishe."

"Sitaki!" Tone alijikumbatia. Mdomo ukaanza kutetemeka, kisha kilio kikafunguka, kile cha siku ya kuzaliwa, chenye haki zote.

"Mwache leo, mama," binti alisema. "Ni siku yake. Alale nalo, kesho asubuhi pitia ulichukue kabla ya kazi. Kwani una haraka gani?"

Mchelea mwana kulia hulia yeye. Mara ngapi alikuwa amewaambia wenzake maneno hayo, mbele ya watoto wao wakaidi, kwa sauti ya mtu anayejua? Siku hiyo hakuyasema.

"Sina haraka," alisema. "Ila asikae karibu na jiko."

"Mama nawe! Nani anamweka mtoto karibu na jiko?"

Alikwenda zake na mpango. Waoga huwa na mipango mizuri. Kabatini alikuwa na shuka jeupe la pamba, zito, la enzi za foleni, ambalo alikuwa akilitunza bila kujua kwa ajili ya nini. Usiku ule alilikata, akashona gauni la mtoto wa miaka mitano, mikono mifupi, kola ya duara. Angelipeleka asubuhi, angesema zawadi imechelewa, angemvalisha kwa kumdanganyadanganya, na lile la manjano angeondoka nalo milele. Hakuna ambaye angejua. Tone angepona na bibi yake angebaki bibi.

Kulipopambazuka lilikuwa limebaki pindo. Angeweza kulipitisha kwenye mashine, dakika mbili. Angeweza kuliacha bila pindo. Lakini mkono wake haukujua kutoa kazi mbovu, na hili lilikuwa la Tone, basi alikaa dirishani akalipinda kwa sindano, mshono mdogo mdogo. Akalikunja. Akakaza mwendo.

Alikuta mlango wazi. Uani majirani wamesimama makundi makundi, na walipomwona waliacha kuongea. Ndani, jiko la mafuta lilikuwa limelala ubavu, sufuria huku, mfuniko kule, maji ya chai yametapakaa. Harufu ile aliijua.

"Wamekimbizwa hospitali, Bibi Tone," jirani alisema, bila kumtazama usoni. "Mtoto alitoka kitandani kumfuata mama yake, baridi ya asubuhi. Kapita tu, mama. Kapita tu karibu, lile pindo likagusa. Hatujawahi kuona nguo inawaka vile."

Sakafuni, kando ya jiko, palikuwa na kidonge cheusi, kigumu. Na kingine. Vilifuatana hadi mlangoni, kama mtoto aliyekimbia huku amebeba kitu kinachovuja. Aliviruka asivikanyage.

Hospitalini binti yake alikuwa kwenye benchi la ukumbi, nje ya mlango wa wodi ya walioungua. Mikono yake ilikuwa imefungwa bandeji hadi kwenye vifundo, vidole vimeachwa nje. Kwenye vidole vya mkono wa kulia alishika kitu. Mama alikaa kando yake na mfuko wake mapajani.

"Mgongo na miguu," binti alisema. Sauti ilikuwa kavu, kama ya mtu anayesoma orodha ya majina darasani. "Daktari anasema tusubiri. Nimemuuliza kama atapona, akasema tusubiri. Nilimzima kwa mikono, mama. Lilikuwa halizimiki. Lilikuwa linanata. Nikilivuta linakuja na..."

Mama yake alimwekea mkono begani. Alitaka kulia, na machozi yakamkataa.

"Daktari ameuliza nguo ilikuwa ya nini. Nikamwambia pamba. Akaniambia, mama, hii si pamba, pamba haigandi. Nikabishana naye! Mtoto amelala pale, mimi nabishana kwamba nilipima." Alifungua vidole. Ilikuwa lebo, imeungua ubavu mmoja, mtoto wa kwenye picha bado anacheka. "Walikata kola nikaomba hii. Nilipima, mama. Nilifanya kama ulivyonifundisha. Nilikosea wapi? Niambie nilikosea wapi."

Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Hawakusema kwamba mjukuu atakuwa kitanda cha tatu nyuma ya mlango, na kwamba utamsikia. Kwa sababu alisikika. Si kilio; kitu chembamba kuliko kilio, kinakuja na kukatika. Bibi yake alisikiliza mara tatu, na ya nne hakuweza.

"Hukukosea kupima," alisema. "Uzi ulioupima ulikuwa wa lebo. Hukuchomoa wa kitambaa."

Binti aligeuka taratibu. "Sikukwambia nilichomoa wapi."

"Hukuniambia."

"Sasa umejuaje?"

"Ni uzi wangu, mwanangu. Lebo hiyo nimeishona mimi."

Binti aliitazama lebo. Alitazama mshono uliobaki, mdogo mdogo, umenyooka. Mshono huo alikuwa ameuvaa shuleni miaka saba. Mama akaendelea, kwa sababu akinyamaza asingeweza kuanza tena: wembe, lebo za zamani, picha ya moto, alivyouliza, walivyocheka, alivyopima nyuma ya ghala. Aliyasema yote. Ilikuwa rahisi kuliko alivyodhani, na hilo lilimuumiza zaidi, maana jana ingekuwa rahisi vile vile.

Binti hakupiga kelele. Alifikiri, kwa uso ule aliokuwa nao utotoni akifanya hesabu ngumu.

"Jana," alisema. "Ulipotaka kulifupisha. Ulikuwa umeshajua?"

Hapo palikuwa na nafasi ya mwisho ya kudanganya, na Mungu ni shahidi kwamba aliiona.

"Nilikuwa nimejua."

"Ulifunua kola ukaona."

"Niliona."

"Ukamwacha alale nalo."

Binti alisogea mbali naye kwenye benchi, kidogo tu, upana wa kiganja.

Mlango ukafunguliwa, nesi akatoka, amechoka, barakoa kidevuni. "Mama wa mtoto, unaweza kuingia. Mtu mmoja tu. Halafu mna kitambaa chochote safi cha pamba, laini? Shuka au hata nguo. Mashuka yetu yameisha leo, na hatutaki kumfunika na kitu kingine."

Mfuko ulikuwa umekwisha kufunguliwa. Mama alisimama na gauni jeupe mikononi, amelikunjua, mikono mifupi, kola ya duara, pindo la sindano. "Hili hapa, nesi. Pamba tupu. Shuka lake limefuliwa."

Nesi alinyoosha mkono.

"Usilipokee," binti alisema.

Nesi aliwatazama wote wawili, mkono wake ukiwa bado hewani. "Huyu mama ni nani kwenu? Ni bibi wa mtoto?"

Binti alikuwa ameshasimama. Lebo aliiweka kwenye benchi, pale alipokuwa amekaa, akaiacha.

"Hapana," alisema. "Ni fundi tu. Fundi wa nguo."

Akaingia, na mlango ukajifunga nyuma yake.